Mungu Aliponilisha Mkononi mwa Mkwe Wangu

Bwana Yesu asifiwe sana, kanisa! Naona wengine mmeshaanza kutazama saa. Mnanijua, mwalimu mstaafu akishika kipaza sauti kumnyang'anya ni kazi. Leo nivumilieni, maana nimefunguliwa, na siwezi kukaa na jambo hili moyoni.

Ndugu zangu, mimi nilikuwa naogopa chakula. Chakula chochote kilichopikwa na mkono wa mtu mwingine! Dada yangu alikula harusini, wiki ile ile akafariki, na watu wakasema amewekewa kitu. Hospitali walisema ni moyo. Karatasi yao ninayo mpaka leo, lakini mimi nikasikiliza watu. Tangu hapo, miaka tisa, nikitoka nyumbani nabeba hotipoti yangu na chupa yangu ya chai. Msibani nina hotipoti. Harusini nina hotipoti. Mkiniuliza, nawaambia daktari amenikataza mafuta. Daktari gani? Nilikuwa nawadanganya, tena hapa hapa kanisani.

Sasa sikieni hofu ile ilinifikisha wapi. Binti yangu Koku alichumbiwa na kijana wa Kisukuma, Masanja, anafanya kazi kiwandani Nyakato, Mwanza. Tukaenda kijijini kwao kutambulishana. Mama yake Masanja alitupokea kwa heshima ambayo sisi wa Bukoba, pamoja na majivuno yetu yote, hatuna. Mtu mzima kuliko mimi alipiga magoti, akaninyooshea kibuyu cha maziwa kwa mikono miwili. Na mimi nikamwambia, mbele ya ukoo mzima, "Mkwe, onja kwanza."

Mnajua kwetu mwenye nyumba huonja ndipo akupe. Ni adabu ya wazee wetu, na ndivyo nilivyojitetea baadaye. Lakini sitasema uongo mbele ya madhabahu. Siku ile sikusema kwa adabu, nilisema kwa woga. Na kule haikuwa adabu hata kidogo. Mama yule ni mjane, amebanika samaki maisha yake yote akasomesha watoto, na moshi umemwachia macho mekundu. Bibi mwenye macho mekundu, mgeni anamwambia aonje kwanza! Ndugu zangu, mnajua bibi wa namna hiyo huitwa mchawi, na mnajua wengine wamefanyiwa nini. Alionja. Maziwa yakamwagikia khanga yake.

Harusi ilifungwa, nikarudi zangu nyumbani na hotipoti yangu. Mwaka huu Koku akajifungua mtoto wa kike. Nimeshafunga mizigo kwenda kumwona mjukuu, simu ikaja. Koku akanieleza mambo ambayo alikuwa amenificha. Tangu siku ile majirani walianza kumteta mama mkwe wake. Kisimani wanampisha, wanawake wanawaita watoto wao ndani akipita. Masanja alipoona hivyo akaogopa, akamhamishia Nyakato, mama akaacha shamba na nyumba yake. Kisha binti yangu akaniambia, "Mama, kama huwezi kula mkononi mwake, usije. Mtoto utamwona kwenye simu."

Nililia, ndugu zangu! Nilifunga siku tatu, na mtu asiyekula vya watu kufunga kwake ni rahisi, kwa hiyo sijui Mungu alinihesabia nini. Siku ya nne nikachukua ufunguo wa gari. Peke yangu, na miaka sitini na moja. Sikumwambia hata Koku, maana niliogopa ningeishia njiani.

Nilitoka alfajiri, nikapita Muleba, Chato, Geita, Sengerema. Zamani pale Busisi tulikuwa tunasubiri kivuko mpaka miguu inavimba. Sasa kuna daraja, refu, ziwa liko kulia na kushoto. Nilipunguza mwendo nikaimba pambio, wenye malori wakanipigia honi. Na Mwanza yenyewe jamani! Mawe yamepandana juu ya mawe, na juu yake watu wamejenga nyumba na wanalala usingizi. Nikapanga chumba Buzuruga, karibu na stendi, nikasema kesho nitakwenda Nyakato.

Kesho yake nafungua hotipoti nipate kifungua kinywa, ndizi na maharage yote yamechacha. Harufu ilinirudisha nyuma. Nikacheka peke yangu chumbani, nikasema Bwana, kumbe umeanza kazi.

Nikatoka na njaa yangu. Pale stendi kuna mama ntilie, dada mmoja mnene mchangamfu, anasukuma chapati huku anatania makondakta. Nikaagiza chai na chapati, nikakaa naitazama. Akaniuliza kama ina nywele. Nikamwambia ukweli, sijui kwa nini, kwamba miaka tisa sijala cha mtu na ninaogopa kufa. Hakunicheka. Alivuta kigoda akakaa karibu yangu, akasema nikianguka yeye ndiye atakayenipeleka hospitali, basi nile. Nikafumba macho, nikamega.

Nikakaa nusu saa nasubiri tumbo liume. Halikuuma! Nikaongeza ya pili.

Basi hapo nikajisemea, kwa mkwe siendi na chapati mbili za mazoezi. Siku mbili nilizunguka Mwanza kwa tumbo. Kirumba pale Mwaloni nilikula samaki sato wa kukaanga, ametoka ziwani asubuhi ile, na ugali wa muhogo, nikachota mchuzi kwa vidole mbele ya wapakia mizigo. Nikala dagaa wa nazi kwa mama mmoja Mkerewe. Nikanywa uji kwa mzee mmoja Mjita ambaye alining'ang'aniza nirudie kikombe. Kila mahali moyo unadunda, kila mahali namwita Yesu, na kila mahali nakuta watu wanaopika kwa mapenzi tu. Miaka tisa nilijinyima hayo yote! Nilizikasirikia hata ndizi zangu.

Siku ya tatu mchana nikabisha hodi Nyakato. Koku alifungua, mtoto yuko begani. Hakunipa mtoto. Alinitazama mikono kwanza, akaona sikubeba kitu, akanipisha.

Mama Masanja alikuwa jikoni. Amezeeka, jamani, amezeeka haraka. Nikapiga magoti nikamwamkia shikamoo, akaitikia marahaba. Kisha akafanya anavyofanya mwenye nyumba. Alininawisha mikono, akaweka mezani michembe, vile viazi vitamu vilivyokaushwa, amevipika na karanga, na kando sato wa kubanika. Na kabla hajanisogezea sahani, akamega kipande akipeleke kinywani mwake. Alitaka kuonja kwa ajili yangu! Mimi niliyemharibia jina, bado alikuwa ananitafutia amani nile.

Nikamshika mkono. "Mama, usionje. Nimekuja kula, na nimekuja kuomba msamaha."

Akasema, "Mwanangu, siku ile ulinivua nguo mbele za watu."

Nikamwambia ni kweli. Sikujitetea kwa mila wala kwa dada yangu. Nikakichukua kile kipande kutoka kwenye vidole vyake, nikala, nalia, karanga zinanipalia. Tukamaliza sahani wawili sisi. Ndipo Koku akaniwekea mtoto mapajani.

Lakini aibu niliyompa mbele za watu haikufaa kuondolewa jikoni. Jumamosi tulikwenda wote kijijini, Masanja akawaita wazee na majirani wale wale. Nikasimama nikasema mama huyu hana kosa, mwenye kosa ni mimi. Nikaomba kibuyu, akanipa kwa mikono miwili, nikanywa wa kwanza nikanywa mpaka nusu. Kisha jirani mmoja, mama aliyekuwa akimpisha kisimani, akanyoosha mkono akaomba naye anywe. Utukufu kwa Mungu! Wiki hii mkwe wangu amerudi kijijini, analima shamba lake.

Ndugu zangu, namshukuru Yesu, nawashukuru wapishi wote wa Mwanza, na namalizia na deni la hapa. Mume wangu alipofariki, kina mama wa kwaya mlinipikia siku saba. Mlikuja na masufuria mazito kichwani, mvua inanyesha. Mlipoondoka nilikuwa namwaga kila kitu migombani, kisha nawarudishia vyombo vimeoshwa na asante nyingi. Nisameheni. Na kama yupo humu anayebeba hofu kama yangu, amkabidhi Bwana leo, asikae nayo miaka tisa. Mimi kesho mchana nitakuwa nyumbani, sijapika kitu, na mlango utakuwa wazi. Kina mama, nileteeni chakula.