Mwalimu Walter Nyasani Ogari na Sabato Utaridi Ilipopita Mbele ya Jua

Bwana mchungaji, wazee wa kanisa, walimu, majirani wa Sironga na jamaa mliotoka Birongo na Nyacheki, mimi ni Nyangau Ogari, fundi wa baiskeli wa soko la Nyamira, mdogo wake marehemu, na familia imenipa kazi ya kuwasomea maisha yake. Shule niliacha darasa la pili, kuandika nilijifundisha mwenyewe, kwa hiyo nikikwama mnivumilie, lakini asinikatize mtu, kwa sababu kuna neno moja ambalo lazima nilinyooshe kabla hatujamfunika ndugu yangu, nalo ni kwa nini aliacha uzee wa kanisa mwezi wa Novemba 1973. Mengi yamesemwa, mengine nimeyasema mimi. Leo mtasikia lililo kweli.

Marehemu Mwalimu Walter Nyasani Ogari alizaliwa Birongo tarehe 3 Aprili 1925, akiwa kifungua mimba wa mzee Ogari na mama Bonareri, na tarehe hiyo, nisiwadanganye, iliandikwa na mwalimu aliyempokea shuleni, maana mama alikumbuka tu kwamba siku hiyo alikuwa akipalilia wimbi. Alianza shule ya misheni mwaka 1934, akabatizwa 1940, akamaliza darasa la sita 1941, akaenda Kamagambo kusomea ualimu 1943 na 1944. Alifundisha Nyacheki kuanzia Januari 1945, akarudi Birongo 1952, na tarehe 9 Januari 1961 akahamishiwa Sironga, akapata shamba hili tulimosimama, akapanda ndizi na majani chai, na hapa ndipo wengi wenu mlichapwa naye kwa sababu ya hesabu za kugawanya.

Alifunga ndoa na Drusilla Mong'ina wa Nyacheki tarehe 16 Desemba 1948, wakajaliwa watoto wanne, Esnah, Ongeri, Bochaberi na Nyamongo, wote wamesoma, wote wako hapa.

Mwezi wa Agosti 1963, wazungu wa Sotik walipokuwa wakiuza vyombo vyao ili waondoke, Drusilla alimtuma akalete vioo vya madirisha ya nyumba hii mnayoiona, naye akarudi na darubini ya shaba isiyo na miguu, ameifunga mgongoni kama mtoto, na Drusilla alipoiona akamwambia mbele yangu, "Mwalimu, sasa hii nitaipachika ukuta gani?" naye akajibu, "Mama Esnah, ngoja jioni, uone kwanza ndipo unifukuze." Jioni aliona, hakumfukuza, lakini madirisha yalizibwa kwa mbao miaka miwili. Miguu ya darubini niliitengeneza mimi, ya miti, na mahali pa kugeukia nikaweka uma wa baiskeli, ikawa inazunguka kwa kidole kimoja.

Kwetu, mtu anayesimama uani gizani amenyamaza huitwa omorogi, mchawi, na yeye alilijua hilo, basi aliwaita majirani mapema, saa moja jioni, taa inawaka mlangoni, kila mtu aje aweke jicho lake mwenyewe. Sayari alizipanga kama mtu anavyopanga ng'ombe wake. Mshtarii ilikuwa ya wageni, kwa sababu haikumwaibisha mwenyeji, hata mwenye macho mabovu aliona miezi yake minne imekaa kwenye mstari, na kesho yake imebadilishana viti. Zuhura alisema ina maringo, yang'aa kuliko zote lakini ukiisogelea ni kipande tu, kama mwezi mchanga. Mirihi ilimchosha, unaingoja miaka miwili ikaribie, ikija ni nyekundu kama tofali na haisemi kitu, ila Agosti 1971 ilikaribia kuliko kawaida, akaiona kofia yake nyeupe, akafundisha wiki nzima bila kumchapa mtu. Zohali ndiyo iliyokuwa ya moyo wake, ile yenye pete, na mwaka 1966, baada ya kuisifu soko zima, pete zilituelekezea ubavu zikapotea, watu wakaja wakaona tembe tupu, wakamwita mwongo uani kwake. Mimi nilitaka kupiga mtu. Yeye akasema tu, "Rudini mwaka wa pili," na waliorudi mwaka 1968 walizikuta pete mahali pake, na wengine wenu mko hapa mnatazama chini.

Moja tu ilimshinda, Utaridi, ile ndogo inayokaa ubavuni mwa jua, kwa maana kila jioni ilizama nyuma ya milima ya Manga kabla hajaishika. Lakini alikuwa na kalenda ya nyota, aliyotumiwa kwa posta na rafiki mmisionari, nayo ilisema kwamba mara chache Utaridi hupita mbele ya jua mchana kweupe, ikaonekana kama nukta nyeusi. Ya kwanza ilikuwa tarehe 9 Mei 1970, siku ya Sabato, na yeye, mzee wa kanisa tangu 1965, alikaa kanisani kutwa, akafika nyumbani saa tisa na nusu, nusu saa haijaisha tangu Utaridi iondoke. Ya pili ilikuwa tarehe 10 Novemba 1973. Sabato tena. Iliyofuata ilikuwa mwaka 1986.

Mtu mwingine angejificha nyuma ya nyumba akatazama. Yeye alipeleka jambo lake mbele ya baraza la kanisa mwezi wa Oktoba, na Mzee Obwocha, mkuu wa baraza, akamwambia, "Mwalimu, kutazama kazi ya Mungu sikukatazi, lakini kubeba chombo na kukizungusha ni kazi, na Sabato si siku ya mashine." Ndipo ndugu yangu akatoa shauri ambalo hakuna profesa angelitoa, kwamba atakisimamisha chombo Ijumaa kabla jua halijatua, akielekeze mahali ambapo jua litapita Sabato saa saba mchana, baada ya ibada, na hakuna mkono utakaokigusa mpaka Sabato iishe, jua lenyewe ndilo litakalokuja, likae dakika chache, lipite. Mzee Obwocha akauliza, "Na likikataa kuingia?" Akajibu, "Likikataa, nimelikosa." Ahadi hiyo ilitangazwa kanisani, kila mtu akaisikia.

Wiki nzima alipima kwa vigingi na uzi, saa saba ya kila siku, akaandika jinsi jua linavyosogea kusini, na mimi nikambadilishia mguu mmoja uliooza, nikaweka mti wa mkaratusi, nikamwambia umekauka. Haukuwa umekauka sawasawa. Usiku wa Ijumaa mvua ilinyesha, mti ukajipinda kidogo.

Sabato kanisa zima lilikuja hapa uani, akina mama na vitambaa vyao vyeupe, na hakuna aliyeweka jicho, maana jua hupofusha, ila mwanga ulitoka kwenye darubini ukaanguka juu ya karatasi nyeupe ndani ya sanduku. Saa saba ikafika. Duara la jua likaanza kuingia kwenye karatasi, robo, nusu, likakomea nusu, likaanza kuteleza pembeni kama chapati inayoanguka mezani, na nukta haikuwa kwenye nusu ile. Ndugu yangu alikuwa amepiga magoti kwenye sanduku, mikono ameifunga nyuma, jasho linamtoka. Obwocha mwenyewe akapiga kelele, "Walter, inaenda!" naye akasema, "Iache iende, mzee."

Mimi nilikuwa nimesimama karibu na ule mguu wangu wa mkaratusi. Nikaegemeza goti, si zaidi ya unene wa ukucha. Duara likaingia lote, na karibu na katikati yake pakawa na nukta nyeusi, ndogo kuliko punje ya wimbi, mviringo, safi. Akina mama wakapiga vigelegele. Mzee Obwocha akainama mpaka kofia ikaanguka, akauliza, "Haka kadoa ndiko dunia nzima?" na ndugu yangu akamjibu, "Ndiyo mzee, nzima, na haina baraza." Tukacheka sote. Dakika tatu, jua likapita.

Jumapili asubuhi, nami nisijue, alikwenda kwa Mzee Obwocha, akamwambia chombo kiliguswa. Akaulizwa na nani, akakataa kusema. Akaambiwa basi si kosa lake, akasema, "Aliyeahidi ni mimi," akarudisha uzee wa kanisa, na mzee alimsihi hadi adhuhuri bila kufua dafu. Sabato iliyofuata ikatangazwa kwamba Mwalimu Nyasani amejiuzulu, basi, hakuna sababu. Mimi nikaona nimeelewa, kwamba wazee wamemtoa. Nikaenda langoni kwa Mzee Obwocha, nikamtukana matusi ambayo hayasemwi mbele ya wake za wana wa mtu, nao walikuwepo, nikaacha kanisa, na kwa zaidi ya miaka mitatu nikamwambia kila mteja aliyeleta baiskeli kwamba ndugu yangu ametolewa kwa wivu. Wengine mkaongeza kwamba alitolewa kwa uganga wa nyota. Yeye alisikia yote, akaendelea kukaa benchi la nyuma na kuimba besi.

Ugonjwa wa figo ulimwanza Juni 1975, akalazwa hospitali ya Kisii mara tatu, mara ya mwisho tarehe 14 Februari 1977. Siku moja nilikaa kitandani pake nikimlaani Obwocha kama kawaida yangu, akafumbua macho akasema, "Mwache mzee. Ni goti lako." Nikajifanya sielewi. Akasema, "Nyangau, jua haliruki. Siku ile liliruka." Nikamuuliza kwa nini hakunitaja, akasema alinilea mgongoni Birongo mama akiwa shambani, na mtu hamshushi mtoto njiani. Alifariki Jumanne tarehe 8 Machi 1977, saa nane mchana, akiwa na miaka hamsini na mmoja.

Familia inawashukuru madaktari na wauguzi wa Kisii, walimu wenzake wa Sironga, na majirani waliombeba kwa kitanda hadi barabara kuu siku ambayo gari lilishindwa na matope. Tunamshukuru Mzee Obwocha, ambaye alimpelekea maziwa hospitalini kila Jumatano, akipita mbele ya duka langu bila kupata salamu. Mzee, nilikutukana mbele ya watu wako. Nakuomba msamaha mbele ya watu wote.

Na karani wa kanisa, daftari lako linasema Walter Nyasani alijiuzulu, na hapo mbele, penye sababu, umeacha nafasi. Nimekuja na kalamu. Andika kwamba mkono wake haukugusa, andika jina langu, nami nitatia sahihi hapa hapa kabla jeneza halijashushwa.

Kaka, wewe ahadi yako uliitunza. Lala salama.