Anold Nandonde, Fundi Aliyeliachisha Gari Baridi

Miaka thelathini na sita si mchezo, hasa kwa mtu anayefanya kazi kalalia mgongo. Mzee Anold Nandonde aliingia karakana yetu ya Likombe mwaka 1989 akiwa mwembamba kama fito. Ijumaa hii, tarehe 28 Novemba 2025, anastaafu na kitambi ambacho sisi wa jikoni tunakiri kuhusika nacho.

Alianza kwa kuosha injini kwa mafuta ya taa, akahamia malori ya korosho, mwisho akawa fundi mkuu. Hana maneno mengi. Hunywa chai bila sukari halafu akanuna kwamba ni chungu. Akifungua gari hutandika mkeka na kupanga kila kifaa kwa mfuatano kama kilivyotoka, nati zake zimefungwa kwenye kitambaa pembeni. Mkeka huo haurukwi. Bosi mmoja wa bandarini aliuruka, akaambiwa arudi azunguke. Akazunguka.

Lakini kazi ya kumsimulia ni ya Julai mwaka huu. Mwalimu Rozalia, mjane wa hapa Likombe, alileta gari la michezo la milango miwili aliloachiwa na mumewe, la mwaka 1984. Lilikuwa linachemka kila baada ya kilomita chache. Shemeji yake alikwishaleta mnunuzi wa chuma chakavu, yeye na Mwalimu wakakubaliana hivi: likishindwa kumfikisha Upendo, binti wa Mwalimu, kwenye harusi yake Msimbati, linauzwa.

Mzee Anold aliuona ugonjwa mapema. Kompresa, ile pampu ya kiyoyozi, ilikuwa imekaza, inailemea injini, na kondensa, wavu wake wa mbele, iliyojaa mchanga imeiziba rejeta inayopoza injini isipate hewa. Vipuri vya gari la umri ule havipatikani. Akasema kiyoyozi chote kitoke. Mwalimu akakataa katakata. Marehemu alijisifu kuwa na gari la kwanza lenye baridi mtaani, akipandisha vioo mchana kweupe ili watu waone. Mwalimu akaja kulia jikoni, tukampa uji, kisha tukamwambia bila kumpambia: "Mwalimu, mumeo hayumo kwenye bomba." Akacheka huku analia. Akaruhusu.

Ilikuwa kazi ya siku tatu. Gesi hakuiachia hewani kama wafanyavyo wenye haraka, aliivuta ikaingia mtungini. Ikatoka kompresa, ikatoka kondensa, yakatoka mabomba na mashine ya kutoa baridi iliyojificha chini ya dashibodi. Mkanda wa zamani ulikuwa ukizungukia kompresa, sasa ukawa mrefu mno. Akahangaika mji mzima, akapata mfupi kwa muuza vipuri vya mashine za kusaga. Injini ikawaka kama mtu aliyetua mzigo wa kuni.

Hapo hapo alikosea. Mabomba yaliacha matundu mawili kwenye bati linalotenga injini na abiria, naye hakuyaziba. Kwenye lami ya mjini nani angejua? Njia ya Msimbati ni mchanga na vumbi, nalo likapitia matundu hayo ingawa vioo vilipandishwa. Gari halikuchemka hata mara moja, lakini Upendo alishuka mbele ya wakwe amejaa vumbi kuanzia shela hadi viatu, kama muhogo uliong'olewa sasa hivi.

Shemeji akafungua mdomo. Mzee Anold, ambaye naye alialikwa, akamtangulia: "Gari limefika, halina kosa. Kosa ni langu, sikuziba matundu." Akavua koti la suti, akaomba ndala kuukuu kwa mwenye nyumba, akazikata, akajipenyeza chini ya dashibodi na kuziba. Kina mama wakamkung'uta bibi harusi kwa khanga, harusi ikaendelea. Mnunuzi wa chuma chakavu hakuitwa tena. Siku hizi Mwalimu huenda sokoni vioo vikiwa chini, na akisalimiwa anasikia.

Mafundi wa kufungua gari tunao wengi. Wa kusema kosa ni langu mbele ya wakwe wa watu tulikuwa na huyu mmoja, na vijana wa karakana wamemwona.

Mzee Anold, asante kwa mikono yako. Nenda Mpapura kwa mkeo Joyce, upumzishe mgongo na uhudumie mikorosho. Mungu akupe afya na miaka mingi ya kula bila kuitwa na mteja. Na ukimkosea Joyce, sema mapema vilevile, kabla ugali haujapoa.

Kwa niaba ya wafanyakazi wote,
Bibi Mwanahamisi, jikoni