Usukani wa Gari la Bibi Harusi

Kijiwe chetu hapa Kasulu ni benchi moja nje ya duka la Haidari, birika la kahawa la Khatibu, na watu wasiokubali kushindwa. Mwaka ule wa 2013 Haidari alinunua gari dogo lililokwisha kutumiwa na shirika lililofunga virago kambi ya wakimbizi ya Mtabila, na kijiwe kizima tukajiona tuna gari. Ndilo lingempeleka dada yake Asmahani kwa mumewe Kibondo. Ila usukani ulikuwa ukilia kidogo kwenye kona. Jioni moja tukaongeza oili ya stelingi, ya kuulainisha, na tangu hapo usukani ukawa unatetemeka kama mwenye homa. Basi asubuhi ile, siku moja kabla ya safari, baridi imetubana, kila mtu alikuja na jina lake la ugonjwa wa gari. Nasema kweli, tulifurahi mno.

— Hiyo ni raki, chuma kinachogeuza matairi, alisema Renatus, fundi baiskeli tunayemwita Injinia. Gari lilizoea watu wa shirika. Likitupakia sisi linashtuka.

— Raki wapi, akadakia Makarius, utingo wa zamani wa malori ya kambini. Mbona jana jua lilipowaka likatulia? Gari la Japani hili, baridi ya huku Buha haliijui.

— Japani kuna barafu, Makarius.

— Barafu ya kule imepangwa. Ya kwetu inakuja na vumbi.

— Haya, na mbona likipata moto linanukia chakula?

— Hiyo njaa yako, Injinia. Kunywa kahawa.

Haidari hakucheka.

— Jamani, mie nataka kujua moja. Kesho litafika? Wakwe Kibondo wameshatangaza bibi harusi anakuja na gari. Akishuka kwenye bodaboda na shela lake, uso wangu nitauweka wapi?

— Ego, ndiyo, litafika, nilimwambia. Oili si ipo? Mimi ndiye niliyeona imepungua.

— Na chupa niliitoa mimi, rafu ya nyuma dukani, alisema Makarius. Imeandikwa kabisa, pawa stelingi.

— Faneli nilishika mimi, akasema Injinia. Oili nyekundu, nzito, haikumwagika hata tone. Mkoa huu hakuna gari lililojazwa vile.

Tulikuwa bado tunagawana sifa, mlango wa nyuma ukafunguka. Akatoka Mwanaamina, mke wa Haidari, mwiko mkononi.

— Shemeji zangu, mmeamkaje? Nilitia mawese kwenye chupa tupu ya oili, nikaiweka rafu ya nyuma. Nataka kuunga maharage ya wageni. Nani kaichukua?

Makarius alianza kufunga kamba za viatu. Alikuwa amevaa ndala. Injinia akasogeza kikombe kwa Khatibu.

— Kahawa imekwisha, alisema Khatibu, na tuliisikia ikicheza ndani ya birika.

Haidari akaniinamia sikioni.

— Ile bodaboda ya kaka yako, alisema, mwambie aioshe.