Pumzi Ishirini za Kitanda cha Kumi na Moja

Ndugu, jamaa, majirani na nyote mlioacha shughuli zenu kuja kusimama nasi, tunawaomba subira kidogo kabla hatujamshusha mama yetu, kwa sababu historia hii ya maisha yake aliisimamia mwenyewe akiwa kitandani, na akatoa sharti moja, kwamba isomwe yote au isisomwe kabisa. Ndani yake kuna mahali ambapo baadhi yetu tulitaka paondolewe, tukabishana naye mpaka akatugeuzia kisogo, na leo tutapasoma kama alivyotaka.

Marehemu alizaliwa tarehe 9 Machi 1968, mtoto wa tatu kati ya watano wa baba seremala na mama mshonaji, katika nyumba ya vyumba viwili iliyoegemea karakana, ambako vumbi la mbao liliingia hata kwenye chai. Alisoma shule ya msingi kuanzia mwaka 1975 hadi 1981, sekondari kuanzia 1982 hadi 1987, na tarehe 5 Septemba 1988 akajiunga na chuo kusoma kozi ya sayansi ya miaka miwili, baiolojia na kemia, kozi ambayo wengi waliifanya ngazi ya kuendea udaktari. Baba yake hakusubiri ngazi iishe, kila mteja aliyefika karakana aliambiwa kuwa binti wa fundi ni daktari, hata marehemu akaanza kukwepa kupita pale mchana, asiitwe daktari na watu waliokuwa bado wanasubiri makabati yao.

Chuoni alifundishwa kemia na mama mmoja mkali, mwenye miwani iliyofungwa uzi, ambaye sheria yake ilikuwa moja tu, usichokiona usikiandike, na daftari lenye jibu la kubuni alilichana mbele ya darasa. Marehemu aliipenda maabara, utulivu wake na darubini zake, lakini mwezi Machi 1990 walipelekwa hospitali kwa wiki nne kuchukua damu za wagonjwa wodini na kuzipeleka kupimwa, na huko mambo yakaanza kumwendea kombo. Kila alipoingia na trei ya vichupa alichelewa kutoka, huyu ameomba maji, yule anataka mto ugeuzwe, mwingine hataki chochote ila mtu wa kumsikiliza, mpaka asubuhi moja damu zote zikamgandia mkononi. Mkufunzi hakumgombeza, alimtazama juu ya miwani yake akasema, "Binti, wewe unampenda mwenye damu kuliko damu. Nenda kawe muuguzi, hapa utatumalizia vichupa."

Baba alinuna wiki tatu, kisha akauliza, "Sasa wale niliowaambia daktari, nitawaambia nini?" Mama, bila kuondoa mguu kwenye cherehani, akamjibu, "Wape makabati yao, watasahau."

Alisomea uuguzi kuanzia Septemba 1990 hadi Agosti 1993, na kwa sababu ya ile kozi ya sayansi masomo ya mwili wa binadamu hayakumsumbua, ila mikono yake ilianza upya kabisa, ikijifunza kumwogesha mtu mzima bila kumwaibisha, na kutandika shuka chini ya mtu asiyeweza kuinuka. Tarehe 3 Januari 1994 aliajiriwa katika wodi ya upasuaji ya wanaume, na tarehe 17 Desemba mwaka huohuo akafunga ndoa na mtunza bohari wa hospitali hiyo, wakajaliwa watoto watatu, mwaka 1996, 1998 na 2002.

Sasa tumefika mahali penyewe. Siku ya Jumatatu, tarehe 14 Juni 1999, wodi ilikuwa na wagonjwa arobaini na sita na wauguzi wawili. Kila asubuhi mgonjwa hupimwa joto, mapigo ya moyo na pumzi, na pumzi huhesabiwa kwa kutazama kifua dakika nzima, lakini katika wodi ile watu walikuwa wamezoea kuandika ishirini kwa kila mtu, bila kumtazama yeyote, na wenyewe waliziita ishirini za nyumbani, yaani unakuja nazo. Marehemu alikuwa amekataa mchezo huo miaka mitano, na asubuhi ile, kwa kuzidiwa, akaandika. Kitanda cha kumi na moja alikuwapo fundi mwashi aliyevunjika paja, mguu umetundikwa kwa kamba, akamtania amwambie daktari kuwa mguu si ukuta, usiachwe ukining'inia eti ukauke, marehemu akacheka, akaandika ishirini, akapita. Bonge la damu lilikuwa tayari limeanza kupanda mapafuni. Saa sita mchana fundi alishindwa kusema, na kabla ya saa nane akafariki. Baadaye, alipokwisha kukiri, madaktari walisema pengine angeokolewa kama pumzi zile zingehesabiwa, pengine asingeokolewa, na hiyo pengine marehemu aliibeba miaka ishirini na mitano.

Siku ile hakuna aliyemuuliza, maana karatasi ilisema ishirini. Alikwenda mwenyewe kwa matroni kusema kuwa hakuhesabu, na matroni akafunga mlango, akamwambia, "Mwenzangu, nawa uso urudi kazini, sote tunaandika." Nyumbani mumewe alimsihi awafikirie watoto. Marehemu akaandika ripoti kwa mkono wake, akasimamishwa kazi miezi sita, na aliporudi Januari 2000 akaambiwa jambo limekwisha, familia ya fundi isiambiwe. Alitii, na utii huo ndio aliouita kosa la pili, zito kuliko la kwanza.

Tangu hapo alimhesabia kila mgonjwa dakika nzima, wenzake wakampa jina la Sista Dakika, wakimcheka kuwa akifika mwisho wa wodi, mgonjwa wa kwanza ameshapona na kurudi kwao. Wanafunzi walimpenda, lakini sifa hakuzitaka. Watoto wake walikua wakijua kwamba wakilala mchana, wakifumbua macho watamkuta mama amesimama mlangoni, anawatazama vifua, midomo ikihesabu. Mwaka 2009 alimtafuta mama mzazi wa fundi, akaambiwa amefariki miaka mitatu nyuma.

Oktoba 2023 aligundulika kuwa na saratani ya ini, akaacha kazi, akakonda mpaka pete ikafungwa uzi. Novemba 2024 alimtuma binti yake mkubwa kwa mdogo wake fundi, mchomelea vyuma, ambaye alisikiliza yote akiwa ndani ya geti lake, bila kulifungua, na jibu lake likaletwa kitandani. Marehemu aliomba aambiwe tena. Alifariki Jumanne, tarehe 11 Februari 2025, saa tatu asubuhi, ameacha mume, watoto watatu na wajukuu wawili.

Familia inawashukuru madaktari na wauguzi waliomtunza mwenzao bila kuchoka, majirani waliolala sebuleni kwetu, na wafanyakazi wenzake wote, hasa mliovaa sare zenu leo.

Jibu la yule mchomelea vyuma lilikuwa hili, "Siji. Kusamehe sijui, msinisubiri. Lakini mkimsoma yeye, na kaka yangu msomeni, asiwe kitanda tu." Basi tunamsoma. Fundi mwashi alizaliwa tarehe 22 Agosti 1973, mtoto wa kwanza wa mama mjane, akaacha shule darasa la sita ili wadogo zake wasome, akajifunza uashi, akaoa mwezi Aprili 1998, akaanguka kutoka kwenye jukwaa la ujenzi tarehe 2 Juni 1999, akafariki tarehe 14 mwezi huohuo, akiwa na umri wa miaka ishirini na mitano, ameacha mke mjamzito, aliyejifungua mtoto wa kiume ambaye baba hakumwona.

Fundi, pumzika. Nawe mama, yamesomwa yote, pumzika.