Mguu Wangu wa Kushoto Umerudi

Ndugu zangu, kabla sijaona chochote, nilisikia mkwaruzo. Kraa, kraa, juu ya sakafu ya saruji. Nilikuwa natoka jikoni kwenda uani na sufuria mkononi. Nikadhani ni binti yangu Neema ananifuata akiburuta kandambili, nikamwambia bila kugeuka, "Nyanyua miguu, wewe." Nikageuka, hakuna mtu. Nikatazama chini. Kandambili iliyokuwa ikiburuzika ilikuwa yangu, na mguu ulioivaa haukuwa na habari na mimi.

Asifiwe Bwana, maana leo nimeingia humu kanisani kwa miguu yote miwili.

Mimi ni mzaliwa wa Iringa, nimeolewa Rujewa, na kazi yangu ni kupandikiza mpunga. Mnaoijua kazi hiyo hamhitaji maelezo. Maji yako kwenye magoti, mgongo umekunjwa tangu umande hadi jua la utosi, mche baada ya mche, na ukijinyoosha wenzako wanakuuliza kama umeanza kuzeeka.

Maumivu yalianza kiunoni, yakashuka kwenye paja, yakafika kisigino kama waya uliotoka motoni. Nikafanya tunachofanya sote. Nililala kifudifudi kwenye mkeka, Neema akapanda mgongoni na kunikanyaga huku akiimba. Watoto wetu wote wanaijua kazi hiyo. Ukitoka kwenye majaruba ya mpunga wanakukanyaga, mifupa inalia, unasikia raha. Safari hii sikusikia raha. Lakini nilimwita tena na tena, nikiamini kwamba nikiumia ndipo dawa inaingia. Ndugu zangu, nilikuwa naupondaponda mgongo wangu kwa miguu ya mwanangu.

Mguu ulipolegea, hospitali ya wilaya wakanielekeza Mbeya. Nikapigwa picha ya MRI, nikaambiwa huenda nitapasuliwa. Nikarudi nyumbani kujadiliana na watu wangu, na hapo ndipo giza liliponiingia.

Mama mkwe wangu ni Msukuma aliyekuja huku kwetu Usangu na ng'ombe wa mumewe. Tunamwita mayu, yaani mama. Alisema, "Mgongo haupasuliwi. Binamu yangu aliingia na machela, akatoka na kiti cha magurudumu. Wewe ukikaa kwenye kiti, Neema atalelewa na nani? Mimi? Mimi mwenyewe nahitaji kulelewa."

Na mama mmoja wa maombi akaniuliza, "Juzi tumekuombea, leo unakimbilia kisu?"

Nilikosa usingizi. Niliogopa kitu kimoja: kwamba nitaingia chumba cha upasuaji na mguu mmoja uliolala, nitoke na miwili. Nikaomba. Sikuomba muujiza, nguvu za kuuomba sikuwa nazo. Nilisema tu, "Bwana, nipe ujasiri wa kuuliza, na moyo wa kusikia nitakachojibiwa."

Tulirudi Mbeya pamoja na mayu, maana alisema hataki kuhadithiwa.

Daktari alikuwa mwanamke mpole, sauti yake ya chini. Alituonyesha picha. "Hizi ni pingili za mgongo. Katikati yake kuna diski, kama mto mdogo. Mto wako umepasuka, kilichokuwa ndani kimetoka, kimeukalia mshipa wa fahamu unaokwenda mguuni."

Mayu akamkatiza. "Na binamu yangu mlimfanya nini?"

"Sikumtibu, mama, siwezi kumsemea. Kuna mgongo uliovunjika kwa kuanguka, kuna ulioliwa na kifua kikuu, na kuna huu. Upasuaji wa mgongo si mmoja."

Nikauliza kama hakuna njia nyingine. Akasema zipo, na kwamba wengi wenye tatizo kama langu hupona bila kisu, kwa dawa, mazoezi na subira. Wengine huchomwa sindano karibu na mshipa ili uvimbe upungue. Wengine pingili zao zinacheza, nao hufungwa kwa skrubu, lakini zangu zilikuwa imara.

"Kwa nini mimi basi nipasuliwe?"

"Kwa sababu ya mguu. Maumivu yanaweza kusubiri. Mguu unaozidi kulegea hausubiri vizuri. Nitafungua sehemu ndogo, nitoe kipande kinachokandamiza mshipa." Kisha akanitazama usoni. "Kuna hatari ya kidonda kuoza, ya kuvuja damu, ya mshipa kuumia. Na siwezi kukuahidi kwamba mguu utarudi wote."

Ndugu zangu, hapo ndipo nilipofunguliwa. Mtu aliyekataa kuniahidi uongo, huyo ningeweza kumpa mgongo wangu. Hofu ilinitoka kama maji yanavyotoka jarubani ukifungua mfereji.

"Na mtoto asimkanyage tena," daktari akaongeza.

"Nitamkanyaga mimi akirudia," mayu akasema.

Nilipoamka baada ya upasuaji, kidonda kiliuma, lakini ule waya wa moto haukuwepo. Nikalia. Kesho yake muuguzi akanisimamisha. Nilifundishwa kugeuka kitandani mwili mzima kama gogo, kutembea kidogo kila siku, kutoinama, kutonyanyua ndoo, kutojipinda. Mguu ulirudi polepole. Vidole kwanza, kisha kifundo. Ganzi kidogo bado ipo. Naishukuru nayo.

Kama mgongo unakuuma, mtumaini Mungu, na nenda ukaulize. Kama mguu unalegea, au ganzi imeshika mapajani kwa ndani, au mkojo umekuwa haukutii, usingoje ibada ijayo. Nenda leo. Sisi tutakuombea ukiwa njiani.

Mayu alikuja kunitazama nikiwa nimeanza kupata nafuu. Kwao mkwe huamkia kwa magoti, na mwili wangu ulikwishazoea. Magoti yakaanza kukunjika yenyewe, mgongo ukayafuata.

"Thubutu," akasema. "Ukipiga magoti nakuchapa. Simama hapo hapo nikuone."

Nikasimama, nikamwamkia nikimtazama machoni kwa mara ya kwanza tangu niolewe. Akanitazama kuanzia kichwani hadi miguuni, akajifuta uso kwa upande wa kitenge. Alipomaliza chai akanyanyuka.

"Nisindikize basi. Au miguu ni ya kuonyesha wageni tu?"

Nikavaa viatu. Tukatoka, yeye mbele, mimi nyuma, na mume wangu akafunga mlango nyuma yetu.