Selipher, Aliyekataa Kumwita Bosi Baba

Poleni, na ahsanteni kwa kufika, mimi ni Priscah, mdogo wake marehemu, na familia imenituma niwasomee safari ya dada yetu.

Selipher Ayuma alizaliwa tarehe 4 Mei 1978 hapa Emuhaya, akasoma hadi darasa la nane mwaka 1993, akaachishwa ili kaka zetu waendelee, akawa fundi wa kushona pale Luanda, mwaka 1999 akaolewa na Zablon, aliyefariki mwaka 2009, wakajaliwa mtoto mmoja, Ivy, na ni kwa ajili ya shule ya Ivy kwamba Machi 2011 alikwenda Riyadh kufanya kazi za nyumbani, mtaa wa Al-Sulimaniyah, hadi familia iliyomwajiri ilipohamia mtaa wa Al-Rawdah, Jeddah, mwaka 2014.

Huko wenzake walimwita mwajiri baba, yeye akakataa, akamwita bosi, kwa kuwa aliamini kwamba wanawake na wanaume wamezaliwa na akili ile ile, ila mtu mzima akifanywa mtoto, kila jambo aombe ruhusa, akili yake hudumaa, na anayeombwa naye huharibika. Sisi tulimcheka kwenye simu kwamba Uarabuni kumemfanya mhubiri, lakini madam, mke wa bosi, alipenda kumsikiliza.

Tarehe 6 Februari 2016 aliumwa na kichwa vibaya, shingo ikakakamaa, madam akataka apelekwe hospitali, dereva Elkanah, Mkenya mwenzetu, akawasha gari, lakini bosi alikuwa Riyadh, na kwa simu akasema wangoje arudi, basi madam, mama wa watoto wanne, akangoja, naye Elkanah, akihofia ikama yake, kibali chake cha kuishi kule, akazima gari. Dada yetu alifariki tarehe 8 asubuhi, bosi hajarudi. Madam alitupigia akilia, Elkanah akitafsiri, kwamba yote aliyoyasema Selipher ni kweli, na mimi inaniuma kwamba yalikuwa kweli na hayakumsaidia. Hata kuletwa nyumbani akiwa maiti kulingoja sahihi ya bosi huyo, aliyekuwa kafili wake, mdhamini wake kisheria kule.

Tunawashukuru Wakenya wa mtaa wa Ghulail, Jeddah, waliohangaikia safari ya mwili, Elkanah, ambaye hatumlaumu, majirani, na mafundi wenzake wa Luanda, ila madaktari hatuna wa kuwashukuru, kwa sababu hakuwafikia.

Ivy yuko kidato cha pili, na baada ya maziko wazee watakaa kuamua kama ataendelea na shule au atatafutiwa kazi kule kule Uarabuni, na kwenye kikao hicho hajaitwa, wala mimi sijaitwa.

Pumzika sasa, dada, huko uliko huombi ruhusa kwa mtu.