Shahada Iliyosomewa Kwenye Theluji

Mwaka wa sabini na nne, jua lilipokausha mashamba yote ya upande wa Migwani, wanaume waliokosa la kulima walikaa kwenye benchi la Hemedi sokoni, wakinywa kahawa chungu na kugombania habari za dunia. Hemedi alikuwa mtoto wa watu wa pwani, lakini Kikamba chake kiliwashinda hata baadhi ya wateja wake. Mmoja wa wateja hao, Nzuki, walimwita Redio, maana kila habari aliyoisikia aliirudia na kuongeza yake. Abubakar, fundi cherehani, alikuwa Jaji, kwa kuwa hakuna ubishi aliouacha bila kuutolea hukumu. Mwisho wa benchi alikaa Kisilu, kijana mrefu, mkimya, na huyo walimwita Theluji. Alisomea udaktari miaka saba huko Ulaya ya mashariki, baada ya serikali mbili kukubaliana kumpeleka. Aliporudi, wakubwa wa Nairobi walimwambia hawataitambua shahada yake mpaka mataifa yaelewane kwanza. Januari alimshona jirani aliyejikata mguu kwa shoka. Jirani alipona, Kisilu akalala korokoroni kwa kutibu bila kibali, akaachiliwa kwa onyo kwamba akirudia atafungwa.

— Theluji, leo ni siku yako, Redio alisema. Nimesikia asubuhi. Mataifa wamekutana Nairobi. Wanataka vyuo vikuu vyote vipatane masomo, ndio mtu akisoma huku, kule wamkubali.

— Hata daktari wetu wa misheni ameitwa huko, Hemedi alisema akimimina. Ameondoka jana.

— Watapatana lini? Kisilu aliuliza.

— Hiyo hawakusema.

— Hawawezi kupatana, Jaji alisema. Hawa wazungu wa mashariki na wale wa magharibi wana ugomvi wao. Ukisoma kwa huyu, yule mwingine anakuona wewe ni adui. Sisi tumebaki katikati kama mtoto wa mke aliyeachwa.

— Si ugomvi, Redio alisema. Ni baridi. Huko damu ya mtu ni nzito, inatembea polepole. Sasa daktari amezoea damu ya polepole, aje akate Mkamba hapa, na hii jua? Si itamrukia usoni?

Watu walicheka kidogo. Kisilu alitabasamu, kwa kuwa alikuwa amechoka kueleza. Mwanzoni alieleza kila kitu: hospitali aliyofanyia kazi, wanawake aliowazalisha, profesa aliyemsimamia. Baadaye aligundua kwamba kadiri alivyoeleza ndivyo alivyoonekana kama mtu anayejitetea.

— Mimi nimesikia nyingine, Jaji alisema akishusha sauti. Hao vijana wakifika kule wanafunguliwa kichwa. Wanawekewa kitu. Wakirudi, ile kitu inahesabu askari wetu na kupeleka habari usiku.

— Sasa Theluji atahesabu askari gani hapa Migwani? Hemedi aliuliza. Wako wawili, na mmoja yuko likizo.

— Ndiyo maana hawamwajiri. Wanangoja ile kitu ioze.

Kisilu aliweka kikombe chini. Alitaka kuondoka, ila nyumbani mama yake angemuuliza kama kuna habari, na swali hilo lilimuuma kuliko maneno ya benchi.

Hapo ndipo mkokoteni wa punda ulipoingia sokoni kwa kasi. Juu yake, katikati ya mitungi mitupu ya maji, mwanamke alilala amejikunja, amefunikwa leso. Mwanamume aliyeongoza punda, mtu mgeni mwenye vumbi mpaka kwenye nyusi, alisimama mbele ya benchi.

— Wazee, hospitali ni wapi? Huyu ni mke wangu, Ndila. Ameshikwa na tumbo tangu asubuhi. Sasa haongei.

Redio alinyoosha kidole. Hakuna aliyetaja kwamba daktari hayuko. Kisilu alikuwa ameshainuka. Alivuta chini ukope wa yule mwanamke, akaona weupe mtupu. Mshipa wa mkono ulikimbia mwembamba kama uzi. Alipogusa tumbo, lilikuwa gumu.

— Hajaona siku zake muda gani?

— Miezi miwili. Tulifurahi, mume alisema.

Kisilu alijua. Mimba ilikuwa imekaa nje ya mfuko wa uzazi, imepasuka, na mwanamke alikuwa akivuja damu ndani kwa ndani. Ilitakiwa afunguliwe tumbo upesi, afungwe mshipa, na kazi hiyo alikuwa ameifanya kwa mikono yake zaidi ya mara moja. Walisukuma mkokoteni pamoja, Redio na Jaji nyuma, hadi hospitali ya misheni.

Sista mkuu aliwapokea na kumwekea Ndila maji ya mshipani. Kisilu alimweleza, akamwomba afungue chumba cha upasuaji.

— Kisilu, mimi nakuamini, Sista alisema. Lakini huna kibali. Akifia mezani, wewe utafungwa, mimi nitafungwa, na hapa patafungwa. Nimetuma mtu atafute gari, apelekwe hospitali ya Kitui.

— Hatafika Kitui, Sista.

— Labda atafika.

Funguo zilining'inia kiunoni mwa Sista. Kisilu aliziangalia. Angeweza kuzinyakua, na Sista asingepiga kelele. Alijua hilo kwa jinsi Sista alivyosimama bila kurudi nyuma. Alikumbuka sakafu ya korokoroni. Akamkumbuka mama yake aliyelala nje ya kituo siku zote alizofungiwa. Akabaki amesimama mpaka Ndila alipovuta pumzi ndefu na asiirudishe.

Gari lilifika baadaye kidogo. Lilikuwa lori la mkaa.

Mume, aliyeitwa Musyoka, hakulia. Walimrudisha sokoni na mkokoteni wake, wakafunga punda mtini, wakamkalisha kwenye benchi, Hemedi akampa kahawa. Alikishika kikombe kwa mikono miwili bila kunywa.

— Pole sana, ndugu yetu, Jaji alisema. Daktari alienda Nairobi. Kuna mkutano wa mataifa. Wanasawazisha mambo ya vyuo vikuu.

— Ni mambo mazito, Redio aliongeza, na safari hii hakuongeza lingine.

Musyoka aliitikia kwa kichwa kama mtu anayejaribu kufuata. Kisha alimgeukia Kisilu, akamtazama vidole, akamtazama uso.

— Huyu alimgusa mke wangu mara moja tu, akajua, alisema. Alisema kitakachotokea, na ikatokea vile. Wazee, mimi sikusoma. Niambieni tu nijue cha kuwaambia wakwe zangu. Huyu ni daktari, ama si daktari?

Redio aliangalia barabara. Jaji alijikuna goti. Hemedi alianza kufuta kikombe kilichokuwa kisafi.

Kisilu alifungua mdomo. Kwa lugha ile aliyosomea angeweza kujibu kwa neno moja, na yeye mwenyewe angeliamini. Kwa Kikamba, mbele ya mtu huyu, neno halikutoka.

Musyoka alingoja kwa adabu. Kisha aliweka kahawa chini ikiwa imejaa, akaenda kumfungua punda.